Italia kwa Treni: Hesabu Vitanda, Si Miji

Anayepanga likizo ya miji mingi huanza kwa kuandika majina. Milano, Venezia, Firenze, Roma, Napoli, na siku zikibaki, Verona na Pisa. Wiki mbili, miji saba, siku mbili mbili kila mahali. Kwenye karatasi inapendeza. Njiani unajikuta umekuwa mchukuzi wa mizigo yako mwenyewe.

Tazama saa zenyewe. Hoteli nyingi za Italia zinataka chumba kirudishwe saa nne au saa tano asubuhi, na chumba kipya hutolewa kuanzia saa nane au saa tisa alasiri. Hata kama treni kati ya miji hiyo miwili inatumia dakika 40, katikati hapo kuna saa nne ambazo huna kwako: begi mkononi, jua la Julai utosini, na makumbusho hayaruhusu begi kubwa kuingia. Ukihama mara sita umetupa siku tatu. Ndiyo maana tunasema hesabu vitanda. Vitanda vinne vinatosha kwa usiku 14, na miji utakayoiona bado itafika saba au minane, mradi vitanda hivyo umeviweka penye njia panda za reli.

Mpango tunaoutumia hapa ni huu: Milano usiku 2, Bologna usiku 5, Napoli usiku 3, Roma usiku 4. Yote iko juu ya njia moja ya treni za mwendo kasi inayoshuka kutoka kaskazini hadi kusini. Milano hadi Bologna ni kama saa moja na dakika chache, Bologna hadi Napoli saa tatu na kidogo, Napoli hadi Roma saa moja na dakika kumi hivi. Safari ndefu ni tatu tu katika likizo nzima. Zilizobaki ni za kwenda asubuhi na kurudi jioni, mkononi una chupa ya maji na kofia.

Kuhusu gari, tusipoteze muda. Katikati ya Milano, Bologna, Firenze na Roma kuna maeneo yenye kibao cha ZTL, ambako magari yasiyo na kibali hayaingii kwa saa zilizopangwa. Hakuna askari wa kukusimamisha. Kamera inasoma namba ya gari, faini inapelekwa kwa kampuni iliyokukodisha, nayo inaongeza ada yake ya usumbufu kisha inakata kwenye kadi yako ukiwa umesharudi nyumbani. Kila geti uliloingilia ni faini yake. Ongeza maegesho, ongeza leseni ya kimataifa utakayotakiwa kuwa nayo pamoja na ya nyumbani, halafu linganisha na treni inayokushusha kutembea robo saa kutoka uwanja mkuu wa mji.

Ingilia Milano, tokea Roma

Kosa la pesa nyingi hufanyika kwenye tiketi ya ndege, kabla treni haijaguswa. Watu hukata kwenda na kurudi Roma, halafu siku ya mwisho wanapanda tena treni kurudi walikoanzia. Kwenye tovuti za mashirika ya ndege kuna sehemu ya safari ya miji mingi: jaza kutoka Dar es Salaam au Nairobi hadi Milano Malpensa, kisha kutoka Roma Fiumicino hadi nyumbani, iwe tiketi moja. Usikate tiketi mbili za kwenda tu. Mara nyingi hizo ndizo ghali. Ethiopian, Qatar, Emirates na Turkish zote zinatua viwanja vyote viwili, kwa hiyo nauli ya mtindo huu kwa kawaida haiachani sana na ile ya kwenda na kurudi mji mmoja. Linganisha kabla ya kulipa.

Roma imewekwa mwisho kwa makusudi, japo ukishuka kutoka kaskazini unaipita kabla ya Napoli. Usiku wa mwisho lala kwenye mji wenye uwanja wako wa ndege. Anayelala Napoli akitegemea treni ya alfajiri kumfikisha Fiumicino anacheza kamari na mgomo, moto wa nyasi kandokando ya reli, au kiyoyozi kilichokufa, na ndege haimsubiri.

Viza inakuwa rahisi kwa sababu nchi ni moja. Ombi la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja, linapelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na hapa zote ni Italia. Linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15 lakini sheria inaruhusu hadi 45, na majira ya joto foleni ya kupata miadi yenyewe hula wiki kadhaa. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, mbali na ada ya kituo cha kupokea maombi. Bima ya afya ya safari isiwe chini ya euro 30,000. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu, iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Hesabu siku, usihesabu usiku: usiku 14 ni siku 15, na bima ya siku 14 inaleta maswali.

Unaomba unakoishi kihalali. Mwenye pasipoti ya Tanzania anayefanya kazi Oman anaomba Muscat, harudi Dar es Salaam. Aliyeko Uingereza bado anahitaji viza, maana Uingereza haimo Schengen. Aliye na kibali cha kuishi Ujerumani, Ubelgiji au Sweden haihitaji kabisa.

Nini kinunuliwe mapema, nini kiachwe

Treni za Italia ni za aina mbili kwa msafiri, na anayezichanganya hulipa mara mbili.

Za kwanza ni za mwendo kasi: Frecciarossa ya Trenitalia, shirika la reli la serikali, na Italo, ambayo ni kampuni binafsi. Nauli yake hupanda na kushuka kama ya ndege. Tiketi ni ya treni ile, saa ile, kiti kile. Ukiikosa, tiketi ya bei ya chini imekufa. Trenitalia wana ngazi tatu za kujua: Base, unayoweza kuibadilisha, Economy, inayobadilishwa kabla ya treni kuondoka kwa kuongezea tofauti ya nauli, na Super Economy, ambayo hairudishwi wala haibadilishwi. Tiketi ya Italo haipandi Frecciarossa, na ya Frecciarossa haipandi Italo, hata kama treni zote mbili zinakwenda Napoli na zimeachana dakika kumi.

Za pili ni za mkoa, zinazoandikwa Regionale au Regionale Veloce. Nauli haibadiliki, ukinunua leo au mwezi uliopita ni ileile. Hazina namba ya kiti. Hizi usizinunue mapema, huna unachookoa.

Kwa hiyo katika mpango huu kuna tiketi tatu tu za kuwahi: Milano–Bologna, Bologna–Napoli, Napoli–Roma. Zifuatilie kuanzia miezi mitatu au minne kabla, ila kumbuka ratiba za reli za Ulaya hufanyiwa marekebisho katikati ya Juni, na tarehe za baada ya hapo wakati mwingine huchelewa kufunguliwa. Usipoiona treni ya Julai mwezi Machi usidhani imefutwa. Na usinunue Super Economy kabla viza haijatoka. Utakachookoa ni euro chache kwa kila tiketi. Viza ikichelewa unapoteza zote tatu. Malazi nayo yachukuliwe yale yanayoweza kughairiwa bila malipo hadi siku chache kabla.

Watu huuliza kuhusu pasi za treni. Interrail ni ya wanaoishi Ulaya, Eurail ni ya wanaotoka nje. Kwa Italia peke yake ni nadra pasi kulipa: kila Frecciarossa inadai nafasi ya kiti kwa malipo ya ziada hata ukiwa na pasi, Italo haiikubali kabisa, na treni za mkoa ni rahisi mno kiasi kwamba siku ya pasi inaharibika kwa safari ambayo ingekugharimu chini ya euro 10. Pasi ni ya mtu anayevuka nchi tano.

Kusoma ubao

Aliyezoea SGR, ya Nairobi–Mombasa au ya Dar es Salaam–Dodoma, anatarajia kukaguliwa mizigo, kusubiri ukumbini na kuitwa. Stesheni nyingi za Italia hazina hayo. Milano Centrale, Firenze na Roma Termini zina mageti ya kuonyesha tiketi. Kwingi kwingine unatoka barabarani na kuingia moja kwa moja hadi treni ilipo. Uhuru huo una gharama: hakuna wa kukuambia umekosea.

Kinachokuongoza ni ubao wa maneno machache. Partenze ni zinazoondoka, Arrivi ni zinazofika. Watu husimama dakika tano mbele ya ubao usio wao. Binario ni namba ya reli au jukwaa. Ritardo ni kuchelewa, kwa dakika. Cancellato au Soppresso ni kwamba haipo tena. Carrozza kwenye tiketi ni behewa, posto ni kiti.

Sasa mtego wenyewe. Uko Milano, unakwenda Bologna, saa yako ni 10:10. Unatafuta neno Bologna kwenye ubao na hulioni. Ubao unaonyesha kituo cha mwisho cha treni, na treni yako inaishia Napoli, au Salerno, mji ambao hujawahi kuusikia. Usitafute mji, tafuta namba ya treni iliyo kwenye tiketi, ile ya tarakimu nne baada ya herufi FR au jina Italo. Namba haidanganyi hata treni ikichelewa ikapitwa na nyingine. Binario yenyewe mara nyingi hutangazwa dakika chache tu kabla, na inaweza kubadilishwa dakika ya mwisho, kwa hiyo usikae mkahawani ukisubiri saa ifike. Milango hufungwa kabla ya dakika iliyoandikwa kwenye tiketi.

Halafu kuna saa yetu. Ubao unaandika 07:05 na 19:05, na zote kwetu ni saa moja na dakika tano. Kanuni: kuanzia 07:00 hadi 18:59 toa 6, kuanzia 19:00 toa 18. Lakini ushauri ulio bora kuliko hesabu ni kutozitafsiri kabisa kwenye kundi la WhatsApp la safari. Andika "19:05" kama ilivyo kwenye tiketi. Mmoja akiandika "tukutane stesheni saa moja kasoro", kuna atakayeamka alfajiri na kuna atakayekuja magharibi, na wote wana haki. Saa ya Italia majira ya joto iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja tu, hilo halisumbui. Linalosumbua ni jua: mwishoni mwa Juni Milano linazama saa tatu na robo usiku. Anayeswali atapanga Maghribi na Isha upya, na mwenye watoto ajue hawatakubali kwamba ni usiku.

Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa lazima igongwe muhuri kwenye kimashine kilichobandikwa ukutani au nguzoni karibu na majukwaa, kabla ya kupanda. Ukisahau, mbele ya mkaguzi wewe ni mtu asiye na tiketi, na faini ni makumi ya euro, mgeni au mwenyeji. Tiketi ya simu haina muhuri, ila ina kitufe cha Check-in kwenye programu ya Trenitalia ambacho lazima ubonyeze kabla ya kupanda. Watu wengi hudhani kuwa nayo kwenye simu kunatosha. Hakutoshi. Mashine ikiwa mbovu, andika kwa kalamu tarehe, saa na jina la stesheni juu ya tiketi, kisha mtafute mkaguzi wewe kwanza.

Bologna, ghala la safari

Watalii wengi huipita Bologna wakiwa dirishani. Kwa asiye na gari ndiyo kambi bora ya Italia yote ya kaskazini, kwa sababu ya reli: njia za Milano, Verona, Venezia, Firenze na ile ya kwenda pwani ya Adriatiki zote zinakutana hapo. Hoteli zake kwa kawaida ni nafuu kuliko za Firenze au Venezia. Na kwa Julai ina kitu ambacho miji hiyo miwili haina, kivuli. Mji umejengwa kwa baraza ndefu zenye nguzo, vibaraza vilivyoezekwa mbele ya majumba, jumla ya kilomita 62, zilizoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2021. Kutoka stesheni unashika via dell'Indipendenza na kutembea chini ya baraza hizo hadi Piazza Maggiore, kiasi cha dakika 20, na magurudumu ya begi yanapita juu ya sakafu laini. Chagua malazi kando ya mtaa huo au ya ile inayoukata.

Stesheni yenyewe inataka kuzoewa. Treni za mwendo kasi nyingi zinasimama chini ya ardhi, binario 16 hadi 19, na kutoka juu hadi huko ni ngazi za umeme moja baada ya nyingine. Weka dakika 10 kamili, 15 ukiwa na watoto. Juu nako kuna binario zenye neno Ovest au Est baada ya namba. Binario 4 na 4 Ovest ni mahali tofauti, na umbali kati yake unatosha kukukosesha treni.

Ukitazama saa ya ukutani upande wa uwanja, inasema 10:25. Itasema hivyo siku zote. Saa 10:25 asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1980 bomu lililipuka katika ukumbi wa kusubiria wa daraja la pili na kuua watu 85. Saa imeachwa ilipo kwa ukumbusho. Simama uitazame, kisha pangia treni yako kwa simu.

Safari za siku moja kutoka hapa, kwa jinsi tunavyozipenda. Ravenna kwanza, saa moja na robo hivi kwa treni ya mkoa: makanisa ya karne ya 5 na ya 6 yenye michoro ya vijiwe vya rangi na dhahabu, pamoja na San Vitale lililowekwa wakfu mwaka 547, ambamo Mfalme Justiniani na Theodora wanakutazama kutoka ukutani. Yote yako karibu karibu, unatembea kwa miguu. Ferrara ni nusu saa. Kodi baiskeli uzunguke kuta za mji, kilomita 9 za tambarare chini ya miti. Modena nayo iko chini ya nusu saa, na mpenda magari ataona kinaya: makumbusho ya Enzo Ferrari unayafikia kwa miguu kutoka stesheni. Parma iende kwa anayependa kula jibini, ila ham yake ni ya nguruwe, na neno la kuuliza mkahawani ni maiale.

Firenze, ambayo wengi wanaijua kama Florence, ni dakika 40 kwa treni ya mwendo kasi. Njia hiyo, iliyofunguliwa Desemba 2009, ni kilomita 78 na karibu kilomita 73 zake ni mahandaki chini ya milima ya Apennini, hivyo intaneti inakatika karibu njia nzima. Pakua tiketi ya treni na ya makumbusho kabla ya kupanda. Shuka Firenze Santa Maria Novella. Campo di Marte na Rifredi ni Firenze pia lakini ziko mbali na unachokifuata. Usiende Jumatatu, maana makumbusho ya Uffizi na Accademia yanafungwa. Kuba la kanisa kuu lina ngazi 463, hakuna lifti, na halipandwi bila nafasi ya saa maalumu uliyoiweka mapema.

Venezia inawezekana kwa siku moja, saa moja na nusu kila upande kwa treni ya haraka. Shuka Venezia Santa Lucia, si Venezia Mestre iliyo bara. Mji huo hutoza ada ya kuingia kwa wasiolala humo, katika siku maalumu kati ya Aprili na Julai, hasa Ijumaa hadi Jumapili, kati ya saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni: euro 5 ukilipa mapema, euro 10 ukichelewa, na unapewa alama ya kuonyesha. Ukienda Jumanne kwa kawaida huguswi. Boti ya abiria inatoza euro 9.50 kwa dakika 75, kwa hiyo tembea kwenda, panda boti wakati wa kurudi miguu ikishachoka.

Hizi siku tano zina faida moja isiyoonekana kwenye ramani: hazina tarehe. Mvua ya radi ikitangazwa Ravenna unakwenda Modena. Mtoto akiamka na homa mnabaki barazani. Jaribu kufanya hivyo ukiwa na vitanda saba vilivyolipiwa.

Napoli na Roma

Kwenye tiketi ya kwenda Napoli hakikisha pameandikwa Napoli Centrale. Kuna Napoli Afragola, stesheni nzuri ya kisasa iliyo nje ya mji, na treni kadhaa husimama huko.

Pompei, magofu ya mji wa kale uliozikwa na mlima wa volkano wa Vesuvio, unaifikia kwa Circumvesuviana, treni ya kienyeji inayoondokea chini ya stesheni kuu, upande wa Garibaldi, kama dakika 35 hadi 40. Ni ya zamani, inajaa, joto lake ni la daladala ya saa nane mchana, na vibaka wanaijua vizuri. Begi la mgongoni livae kifuani. Panda ile ya kwenda Sorrento, shuka Pompei Scavi–Villa dei Misteri. Kituo cha Pompei Santuario kiko kwenye njia nyingine, na kile cha Trenitalia kiitwacho Pompei tu kiko mjini, kutembea bado kupo. Tangu Novemba 2024 hawaingii zaidi ya watu 20,000 kwa siku, tiketi ina jina lako, nenda na pasipoti. Kivuli hakuna. Mwenye watoto wadogo au mzee tunampeleka Ercolano badala yake: njia ileile, nusu ya mwendo, magofu ya mji uliozikwa na mlima uleule mwaka 79 baada ya Kristo, madogo ya kumalizika kwa saa tatu, na nyumba nyingi bado zina ghorofa ya pili ya kujificha jua.

Roma imeandikwa vya kutosha na wengine. Ya kuzingatia ni machache. Shuka Termini, ambako njia A na B za metro zinakutana. Treni nyingine husimama Tiburtina. Tiketi za Colosseo hufunguliwa siku 30 kabla na zina majina. Weka kengele kwenye simu. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi. Mabega na magoti yafunikwe makanisani. Kanga moja kwenye mkoba inamaliza tatizo hilo. Usinunue maji: mabomba ya chuma ya barabarani, nasoni, yapo kiasi cha 2,500, maji ni baridi na salama. Kodi ya mgeni hulipwa hotelini, nje ya bei uliyoiona mtandaoni. Kwa hoteli ya nyota tatu Roma ilipangwa euro 6 kwa kila mtu kwa kila usiku, yaani euro 48 kwa wawili kwa usiku 4.

Begi, joto na mgomo

Kipimo cha begi si kilo 23 za shirika la ndege. Kipimo ni hiki: je, unaweza kulinyanyua peke yako juu ya kichwa, kwa sababu rafu ya treni iko hapo, na kupanda nalo ngazi za ghorofa tatu zisizo na lifti? Kwa wengi wetu hizo ni kilo 10 hadi 12. Nguo za siku tano, unafua Bologna, unafua Napoli. Mawe ya barabara za Roma huvunja magurudumu madogo ya plastiki kwa siku mbili.

Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam hucheka akiambiwa ajihadhari na joto la Ulaya. Lakini la Bologna halina upepo wa bahari, mawe ya nyumba yanatunza moto hadi usiku wa manane, na jua halizami mapema. Chumba kiwe na aria condizionata, na iandikwe kwenye maelezo ya chumba chenyewe, si ya hoteli kwa ujumla. Karibu na tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Ferragosto, maduka na migahawa mingi ya wenyeji hufungwa, hata kwa wiki nzima. Agosti pia ndio mwezi wa matengenezo ya reli; dakika zilizoandikwa juu huongezeka.

Mgomo unaitwa sciopero. Hautokei ghafla: hutangazwa siku kadhaa kabla, na mara nyingi wa reli huanza saa tatu usiku na kuisha saa tatu usiku wa siku inayofuata. Siku za kazi sheria inalinda treni za mkoa kwa vipindi viwili, 06:00 hadi 09:00 na 18:00 hadi 21:00. Kwa saa yetu ni rahisi kukumbuka: saa kumi na mbili hadi saa tatu, asubuhi na jioni. Kwa mwendo kasi Trenitalia huchapisha orodha ya treni zitakazotembea. Angalia kama namba yako imo. Treni ikikuchelewesha dakika 60 hadi 119 sheria ya Umoja wa Ulaya inakupa robo ya nauli, na kuanzia dakika 120, nusu. Unadai mwenyewe, hawakuletei. Lakini ukikosa Italo kwa sababu treni ya mkoa ilichelewa, tiketi zikiwa mbili tofauti, hasara ni yako. Kwa hiyo siku ya kuhama usipange safari ya kando asubuhi.

Siku ya kuondoka

Kutoka Termini hadi Fiumicino, Leonardo Express inatumia dakika 32 bila kusimama popote, kama euro 14. Inaondokea binario 23 na 24, mwisho kabisa wa stesheni, na tiketi ya karatasi inagongwa muhuri kama za mkoa. Aliyelala Trastevere au Ostiense asihangaike kwenda Termini. Treni ya mkoa ya FL1 inampitia hapo hapo kwa bei ndogo zaidi.

Uliyenunua viatu au mkoba kwa zaidi ya euro 70 kwenye duka moja kwa risiti moja, ukaomba fomu ya kurudishiwa kodi na kuonyesha pasipoti pale dukani, fika uwanjani saa tatu kabla ya ndege. Forodha wanaweza kutaka kuviona vitu vyenyewe, vikiwa bado vipya, kwa hiyo pitia kwao kwanza. Begi likishaingia kwenye mkanda huna tena cha kuwaonyesha.